Mkufu wa Mbwa

Mbwa ni mnyama ambaye lugha yetu haikumtendea haki. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimefundisha Kiswahili chuoni, na katika muda huo nimesoma na kusikia matusi mengi kuliko yanayompasa mtu wa kazi yangu. Jina la mbwa limo katika matusi hayo mara nyingi kuliko jina la fisi, ambaye hafugwi, halindi mtu, na huiba kila apatapo nafasi. Mtu akidharauliwa huambiwa ni mbwa. Akikosa kwao huitwa mbwa koko. Kupe, kwa upande wake, alipata cheo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 aliingia katika hotuba, nyimbo na vibonzo vya magazeti, akawa jina la kila mtu aishiye kwa jasho la mwenziwe. Wanafunzi wangu wa fasihi humjua kupe huyo wa siasa vizuri, na huandika juu yake kurasa tatu bila kusita. Ilakini nilipowauliza siku moja ni wangapi kati yao waliopata kumng'oa kupe wa kweli kwa vidole vyao, mikono iliyoinuka ilikuwa minne, na mwenye mkono mmoja katika hiyo alikiri kwamba alitumia koleo.

Niliwacheka, na haikunipasa kuwacheka. Mimi niliyekuwa nikiwauliza nilizaliwa katika nchi ya kupe, nikalelewa kati ya mbuzi na mbwa, kisha nikakaa mjini mpaka kupe akawa kwangu pia ni tamathali ya usemi. Nilikumbushwa kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu.

Kwetu ni Nyantakara, katika Wilaya ya Biharamulo, upande wa nchi ya msitu inayopakana na Ngara. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa basi hupita Kahama na Nyakanazi, hushuka Lusahunga, kisha humtafuta kijana wa pikipiki asiye na haraka ya kufa. Ni nchi ya miombo, ya mbung'o, ya ng'ombe wa pembe ndefu na ya mbuzi. Si mbali na hapo yako mapori ya akiba ya zamani ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Wanyama wa hifadhi hawakusoma tangazo hilo. Nguruwe pori huingia katika mihogo kama zamani, na fisi hujua kila zizi lililo na ua mbovu.

Mama yangu ni mjane, na hukaa huko na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na mitatu. Ana shamba la mihogo na mahindi, na wakati wa mambo haya alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Mbwa wa mjini ni pambo, au ni kengele ya tajiri. Mbwa wa mama ni mlango. Usiku akibweka mama huamka, hupiga debe, na fisi huenda kwa mwingine. Asipokuwapo, hakuna linalomzuia fisi isipokuwa miiba iliyokauka.

Hapana budi niseme neno juu ya majina ya mbwa hawa, maana pasipo majina habari hii haieleweki. Katika nchi zetu za maziwa makuu mbwa hupewa jina ambalo ni ujumbe. Mtu asiyetaka kugombana na jirani yake humwita mbwa, na jirani husikia. Mama alikuwa na ugomvi na jirani mmoja juu ya mpaka wa shamba, ugomvi wa hatua nne za ardhi na mti mmoja wa mwembe. Maneno yalipozidi alipata mtoto wa mbwa akamwita Watasema. Haikupita miezi mitatu jirani naye akapata wake, akamwita Tumesikia. Jioni wawili hawa walipokuwa wakiita mbwa wao, kila mmoja kutoka upande wake wa mwembe, mpita njia aliweza kudhani kwamba wanajibizana, na hakukosea.

Watasema aliishi miaka minne. Mwezi wa Machi, katika mvua za masika, mama alinipigia simu akasema mbwa hali. Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani mbele yangu. Nikamwambia kwamba mbwa kukosa hamu siku mbili si neno, atakula akitaka. Siku ya pili akasema ufizi wa mbwa umekuwa mweupe, na mkojo wake ni kama kahawa. Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza. Siku ya nne mtoto wa dada yangu ndiye aliyepiga simu. Alisema, "Mjomba, Watasema amekufa," kisha akaniambia, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kwamba alimng'oa kupe wa kujaza kifuniko cha chupa ya chai na bado wengine walibaki masikioni na kati ya vidole. Wiki hiyohiyo fisi walichukua mbuzi wawili. Mama hakunilaumu hata kidogo. Aliniambia tu, "Mbwa amekufa, mwalimu." Siku zote mimi kwake ni mwanangu. Huniita mwalimu akiwa amekasirika.

Basi nikaanza kusoma yale ambayo ilinipasa kuyauliza.

Kupe si mdudu wa jamaa ya nzi wala ya chawa. Ni ndugu wa buibui na nge. Atokapo katika yai ana miguu sita. Hujibandika juu ya mnyama, hunywa damu, huanguka, hujivua ngozi na kuwa na miguu minane. Hunywa tena, huanguka tena. Na mara ya tatu, akiwa mzima, jike hunywa mpaka akawa kama punje ya kunde, akaanguka, akataga mayai maelfu, akafa. Kupe wamwandamao mbwa, katika maisha yao yote, hula milo mitatu. Kati ya mlo na mlo huweza kungoja miezi mingi juu ya jani, amenyoosha miguu ya mbele, ambamo kimo kiungo kinachotambua pumzi ya mnyama na joto lake. Sijui kiumbe mwingine mwenye subira kama hiyo, na nimewahi kukaa katika vikao vya chuo.

Mbwa wa nchi zetu ana adui wawili wakubwa katika kabila hilo. Mmoja ni kupe wa kahawia, ambaye hupenda makao ya watu, hupanda kuta na kutaga katika nyufa, naye huleta ugonjwa wa erilikia, unaomwondolea mbwa damu na nguvu polepole. Wa pili ni kupe wa manjano wa majani na vichaka. Huyu huleta vimelea vya babesia, na aina ipatikanayo Afrika kusini mwa Sahara ndiyo kali kuliko nyingine zote za mbwa. Vimelea huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Ufizi huwa mweupe kwa kuwa damu imepungua, na mkojo huwa mweusi kwa kuwa damu iliyopasuka inatokea huko. Mama yangu, bila kitabu, alikuwa amenieleza dalili zote mbili katika simu moja ya dakika tatu. Dawa ya ugonjwa huo ipo, na jamaa ya dawa hiyo wafugaji wa ng'ombe wa Nyantakara huijua kwa jina na hudunga wenyewe, ingawa kwa mbwa kipimo chake kina hatari, maana kati ya kipimo kiponyacho na kile kidhuruycho pana nafasi nyembamba.

Jambo lililonishangaza ni kwamba somo la kupe wa mbwa lilitangulia lile la ndigana kali ya ng'ombe. Mwaka 1901 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika koloni la Rasi ya Tumaini Jema, alionyesha kwamba homa ya manjano ya mbwa huletwa na kupe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1904, akaonyesha kwamba ndigana kali ya ng'ombe huletwa na kupe wa masikio. Mwaka 1905 Joseph Dutton alikufa Kasongo, Kongo, kwa homa ya papasi aliyokuwa akiichunguza. Na mwaka huohuo Robert Koch, akiwa katika nchi hii iliyokuwa chini ya Wajerumani, aligundua kwamba papasi huwarithisha watoto wake vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai. Tangu hapo ng'ombe alijengewa majosho, akaandikiwa sheria, akapata maafisa. Mbwa, aliyetoa somo lake mapema, hakupata josho. Huko kwetu hupata mabaki ya dawa ya ng'ombe yanayobaki katika bomba la kunyunyizia, kama yakibaki.

Mama alikuwa amepata mbwa mwingine. Alimpata kwa shangazi yangu, jike la rangi ya udongo lenye sikio moja lililolala, na bila kunitaka shauri akamwita Hamjasikia. Nikaona kwamba vita vya mwembe vinaendelea. Nikaamua kwamba mbwa huyu hatakufa kwa uvivu wangu.

Hapo ndipo nilipokutana na mikanda ya dawa. Madukani huitwa kola. Mimi nilikuwa nikiita mkanda wa shingoni, kwa kuwa neno kola hunikumbusha shati. Mama alipouona mara ya kwanza aliuita mkufu, na jina hilo likashinda, kama majina yake yanavyoshinda siku zote.

Mkufu wa kwanza niliununua Dar es Salaam katika duka ambalo sitalitaja. Ulikuwa umefungwa vizuri, una picha ya mbwa wa Kizungu anayecheka, na ulinukia kama chai ya mchaichai. Niliutuma kwa basi. Baada ya wiki mbili kijana wetu alinitumia picha: kupe watatu walikuwa wamekaa chini kabisa ya mkanda, wameshikana na shingo, kama watu waliojikinga jua chini ya paa. Ndipo nilipovaa miwani nikasoma maandishi madogo ya pakiti, ambayo msomi hana udhuru wa kutoyasoma kabla ya kulipa. Ndani yake hamkuwa na kitu ila mafuta ya mimea. Mafuta ya namna hiyo huweza kuwachukiza wadudu kwa saa chache, lakini huruka na upepo. Na pakiti ilikuwa imeahidi miezi minne.

Wa pili niliupata kwa mwenzangu aliyekwenda Nairobi katika kongamano. Bei yake, nilipoigeuza kwa shilingi zetu, ilikuwa karibu na bei ya mbuzi mdogo. Nilimficha mama bei hiyo kwa muda wa siku tano.

Huu wa pili una dawa mbili. Moja, imidaklopridi, ni ya viroboto. Ya pili, flumethrini, ni ya kupe. Hazikai katika moshi wala harufu, kama ilivyokuwa mikanda ya kwanza iliyouzwa Marekani katika miaka ya 1960, ambayo ilitoa mvuke wa sumu uliomzunguka mbwa na mwenye mbwa pia. Zimechanganywa ndani ya mkanda wenyewe, nazo hutoka kidogo kidogo, huenea katika mafuta ya ngozi na manyoya mpaka mkiani. Kupe akanyagapo manyoya hayo mishipa yake ya fahamu hushikwa na mtetemo, naye huachia au hufa, mara nyingi kabla hajauma. Kwa hiyo dawa haimngoji anywe damu kwanza. Jambo hili ndilo kubwa, maana babesia huhitaji siku moja au mbili za kunyonya kabla ya kuvuka kutoka kwa kupe kuingia kwa mbwa, bali erilikia huweza kuvuka kwa saa chache tu. Dawa inayoua baada ya siku mbili huweza kumkinga mbwa na ugonjwa wa kwanza ikamwacha kwa wa pili.

Flumethrini ina ukoo ambao nilifurahi kuujua. Ni ya jamaa iliyobuniwa kwa kuiga pareto, ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya, na Kenya, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mkulima mkuu wa ua hilo duniani. Pareto huua wadudu upesi lakini huharibika upesi katika mwanga wa jua. Mwingereza Michael Elliott na wenzake, huko Rothamsted, walitengeneza mfano wake usioogopa jua: permethrini mwaka 1973, na deltamethrini mwaka uliofuata. Neti tunazolalia zimetiwa dawa za ukoo huo. Nilipomweleza mama kwamba mbwa wake amevaa kama neti shingoni alielewa upesi kuliko nilivyotazamia, kisha akauliza kwa nini basi neti ni ya bure na mkufu si wa bure. Swali hilo nimelirudisha kwa wakubwa, na bado nangoja.

Nilikwenda mwenyewe kuuvisha. Kwanza tulimng'oa Hamjasikia kupe wote tuliowaona, kwa kuwa wale waliokwisha kujibandika kabla ya mkanda huweza kubaki hai siku mbili na zaidi, na mtu akidhani dawa imeshindwa. Kisha mkanda hufungwa uwe wa kupitisha vidole viwili kati yake na shingo. Ukilegea zaidi dawa haigusi ngozi, ukikaza zaidi hutoa vidonda. Kipande kinachozidi hukatwa, kwa maana mbwa mwingine ataking'ata. Nilimwagiza kijana asimkumbatie mbwa usiku, anawe mikono baada ya kumshika, na asimwogeshe kwa sabuni kila mara. Mama alisikiliza maagizo yote akasema kwamba hata bwana harusi hakupewa mengi kiasi hicho.

Kisha nikafanya jambo la kisomi. Nikampa kijana daftari, nikamwagiza kila Jumamosi ahesabu kupe walio juu ya Hamjasikia na, kwa ruhusa ya vijana wa jirani, walio juu ya Tumesikia, ambaye hakuwa na mkufu. Wiki ya tatu alinisomea hesabu: Hamjasikia, kupe wawili, wote wamekauka, Tumesikia, ishirini na saba. Nilifurahi kama mtu aliyegundua bara. Nikampigia mama nikamwambia kwamba tumepata uthibitisho.

Akaninyamazia kidogo, kisha akauliza: "Umepima mbwa, au umepima malisho?"

Nikamuuliza maana yake. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba Tumesikia hufuata ng'ombe wa jirani mpaka bondeni kwenye majani marefu kutwa nzima, na Hamjasikia hulala chini ya kihenge akingoja mbuzi. Mbwa asiyekwenda kwenye kupe hapati kupe, amevaa mkufu au hakuvaa. Nina shahada ya udaktari. Nimekaa katika kamati za kupima tasnifu za watu wengine na kuwauliza juu ya ulinganishi wao. Mama yangu aliishia darasa la nne.

Tukapanga upya. Kwa mwezi mmoja Hamjasikia alikwenda bondeni na ng'ombe wa jirani kila siku, pamoja na Tumesikia. Mambo haya yalihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji mama kusema na jirani, jambo ambalo hakulifanya kwa kinywa chake kwa muda wa miaka minne. Alimtuma kijana mara mbili. Mara ya tatu alikwenda mwenyewe, akasimama chini ya mwembe, akasema kwamba haji kwa habari ya shamba, anakuja kwa habari ya kupe.

Hesabu za mwezi huo ziko mbele yangu. Hamjasikia hakurudi mtupu. Kila Jumamosi alikuwa na kupe wanne, watano, mara moja wanane, wengi wao wamekauka kama ulezi wa msimu uliopita, lakini mara mbili alipatikana mmoja mzima aliyeshiba, ndani ya sikio. Tumesikia hakupungua ishirini hata wiki moja. Mbwa wawili si utafiti, na sijidai. Lakini tulichokiona hakipingani na walichokipata watafiti waliopima mbwa wengi: mkanda wa namna hii hupunguza kupe kwa sehemu kubwa sana, hufanya kazi hata miezi minane, na hauzibi kila mwanya. Kupe mmoja katika sikio anatosha kwa ugonjwa. Anayeuza mkanda huo akisema kwamba mbwa hatapata kupe tena anasema uongo, na asemaye kwamba ni ushirikina wa Wazungu naye pia.

Yako mambo mengine ya kuutilia shaka. Mwaka 2021 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba serikali yao ilikuwa imepokea taarifa maelfu kwa maelfu za wanyama waliodhurika wakiwa wamevaa mkanda wa Seresto, ambao ni wa dawa hizi mbili, na katika hizo vifo karibu 1,700. Taarifa si ushahidi wa sababu. Mbwa wengi hufa na mkanda shingoni kama wazee wengi wafavyo na saa mkononi. Shirika lao la kulinda mazingira lilipitia habari hizo, na mwaka 2023 likaruhusu mkanda uendelee kuuzwa kwa miaka mitano kwa masharti, moja likiwa la kufanya mkanda uachie upesi mbwa akinaswa nao, asije akanyongwa. Sharti hilo nililichukua kwa uzito, kwa kuwa mbwa wa Nyantakara hupita katika miiba ambayo wabunifu wa mikanda hawakuiona. Dawa hizo pia ni sumu kwa samaki na kwa viumbe wadogo wa majini, na bondeni kuna kijito ambacho mbwa hupenda kulala ndani yake mchana. Juu ya hilo sina jibu. Huwezi kumwambia mbwa asioge.

Kwa upande mwingine iko habari ya Uajemi, ambayo kila niikumbukapo hunifanya nimtazame mbwa kwa heshima mpya. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowavisha mbwa wa vijiji tisa mikanda ya deltamethrini, na kuwaacha wa vijiji vingine tisa vilivyofanana navyo bila mikanda. Walichokuwa wakipima hakikuwa mbwa. Walipima watoto, kwa maana huko ugonjwa wa kala-azar hutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu kwa kuumwa na usubi. Watoto wa vijiji vya mbwa waliovishwa waliambukizwa kidogo kuliko wenzao.

Na iko ya Serengeti. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa huko, kiasi cha 1,000, walikufa kwa distempa, ugonjwa unaoaminiwa kwamba ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Distempa ilikuwa imewahi kupita kati ya simba hao bila kuua hivyo. Mwaka 2008 watafiti walieleza kilichozidi: ukame ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati na kupe wakawahamia, na babesia ikajaa katika damu zao wakati uleule distempa ilipovunja kinga yao. Mkufu haukingi distempa, wala kichaa cha mbwa. Hayo yana chanjo zake. Ilakini sisi tukaao kando ya hifadhi ya mwaka 2019 hatuwezi kusema kwamba kupe wa mbwa wetu ni shauri la mbwa wetu peke yake.

Siku ya sita mama aliijua bei. Kijana aliisoma katika simu ya mtu. Nilitazamia ghadhabu. Badala yake alikaa akapiga hesabu kwa vijiti vya mihogo: dawa ya ng'ombe ya kunyunyizia humfaa mbwa kwa wiki moja hivi, basi katika miezi minane ni mara thelathini na nne, na kila mara mtu lazima achanganye kwa kipimo, na mara moja akikosea mbwa hufa kwa dawa badala ya ugonjwa. Upande wa pili wa vijiti akaweka mbuzi wawili waliochukuliwa na fisi. Akavitazama vijiti kitambo. Akasema mkufu ni ghali, lakini Watasema alikuwa ghali zaidi. Hilo ndilo neno pekee alilolisema juu ya jambo lile, na hakuniita mwalimu.

Miezi minane ya mkufu ilipokaribia kwisha niliagiza mingine, mara hii miwili. Sikumwambia mama wa pili ni wa nani, naye hakuuliza. Kijana aliuchukua mpaka ng'ambo ya mwembe, akamvisha Tumesikia, akahakikisha vidole viwili vinapita, akakata kipande kilichozidi. Jirani alisimama akitazama. Akauliza kama kitu hicho kinakwenda kwa betri.

Jumamosi ya mwisho niliyopokea hesabu, Tumesikia alikuwa na kupe watatu, wote wakavu. Mpaka wa shamba bado uko pale ulipokuwa, hatua nne upande wa mtu fulani, na sitasema ni nani. Jirani amepata mtoto mwingine wa mbwa mwezi huu, dume jeusi. Mama anasema wiki tatu zimepita na bado hajampa jina. Jioni humwita kwa kupiga mluzi tu.